Msukumo Mwanana

Ting'.

Mtu akakohoa, kisha tena: ting'. Ilikuwa sauti ya kitu kigumu kikianguka kwenye beseni la bati. Sisi wagonjwa wa wodi ya majeraha tulikuwa tumelala nyuma ya pazia, hatuoni kitu, na kila mmoja akawa anakisia lake. Mwashi wa kitanda cha mlangoni alisema paa linavuja. Mwingine akasema askari wanahesabu risasi. Pazia lilipovutwa tukaona kumbe ni maendeleo tu: Sajini Koleo alikuwa anawang'oa madaktari meno.

Naomba msikasirike kabla sijaeleza. Nchi yetu, ambayo siitaji jina kwa kuwa kuitaja kunahitaji kibali, haing'oi mtu jino ovyo. Sisi si washenzi. Kwetu jino hung'olewa kwa mujibu wa elimu.

Elimu yenyewe ililetwa na Profesa Lutengano, aliyepelekwa ng'ambo kusomea namna watu wanavyoamua mambo. Huko aliingia katika mgahawa wa chuo akakuta matunda yamewekwa mbele na chipsi zimewekwa nyuma, na watu wote wakachukua matunda. Hakuna aliyelazimishwa. Hakuna aliyekatazwa chipsi. Profesa alisimama pale na sinia lake mkononi, akalia. Aliporudi nyumbani alikuja na sentensi moja tu kichwani: kilicho mbele ndicho huchukuliwa. Kwa sentensi hiyo Serikali ikamjengea ofisi yenye ngazi za marumaru na kuipa jina la Idara ya Msukumo Mwanana.

"Ndugu wananchi," alisema siku ya uzinduzi, jasho likimtiririka ndani ya suti nzito, "binadamu hafikiri. Binadamu husukumwa. Daktari anadhani anaamua kwa dhamiri yake, kumbe anaamua kwa kuwa kikombe kipo kushoto na kalamu ipo kulia! Basi sisi hatutamwamrisha daktari. Hatutamtisha. Tutapanga tu vitu vizuri, halafu yeye mwenyewe, kwa uhuru wake kamili, atatenda haki."

Waziri wa Afya, Brigedia Shomvi, alipiga makofi kwa mikono mikubwa iliyozoea kupiga vingine. Alipopewa kipaza sauti alisema kwa ufupi wa kijeshi: "Maadili yanachelewesha foleni. Daktari anakaa na mgonjwa, anamuuliza unataka nini, anaita mke, anaita shemeji, wanalia, jua linakuchwa. Nani anajenga taifa wakati huo?"

Tukashangilia. Waliochelewa kushangilia walisukumwa kwa upole na vitako vya bunduki.

Basi vitu vikapangwa. Misumeno ya kukatia mifupa, iliyoletwa kwa wingi na shemeji wa mtu ambaye pia simtaji, ilitundikwa kila ukuta wa wodi usawa wa macho, imefungwa utepe mwekundu, imepakwa mafuta. Dawa hazikuondolewa, hilo lieleweke. Zilihamishiwa tu katika kabati la mwisho wa ukumbi mrefu, na ukumbini wakawekwa mbwa wawili wa polisi. Mmoja aliitwa Hiari na mwenzake Chaguo. Hawakulishwa sana. Daktari yeyote alikuwa huru, mchana na usiku, kupita kwa Hiari na Chaguo akachukua dawa anayotaka.

Ukutani palibandikwa tangazo la herufi kubwa: WENZAKO WENGI WAMESHAKATA. WEWE JE?

Sasa nirudi kwenye meno. Profesa alikuwa amegundua kwamba mtu ukimpa kitu hufurahi kidogo, lakini ukimnyang'anya kitu hicho hicho huumia maradufu. Hivyo siku moja madaktari wote waliitwa uwanjani, bendi ikapigwa, na Waziri akawatunukia meno. Yaani meno yao wenyewe, yale yale yaliyokuwa vinywani mwao. "Kuanzia leo," alisema, "meno haya ni zawadi ya Serikali." Madaktari wakashukuru, wengine kwa tabasamu, wakidhani ni mzaha. Kumbe tangu saa ile, kila daktari aliyekwenda kwenye kabati badala ya msumeno alirudisha sehemu ya zawadi. Hakuadhibiwa hata kidogo. Alirudisha tu.

Mafanikio yalionekana haraka. Aliyekuja na jipu la paja aliondoka bila paja. Msichana aliyechomwa na mwiba wa samaki aliondoka amefunikwa bendeji hadi begani, na mama yake akawa anatafuta mkono kwenye pipa huku akimwita kwa jina, kana kwamba ule mkono ungeitika. Damu ilikuwa inatiririka mlangoni hadi wauza karanga wakahamia upande wa pili wa barabara. Hata Daktari Tunu, mwanamke mpole aliyekuwa akiwapulizia watoto vidonda, alimkata yule mwashi mguu kwa kidonda cha msumari.

Mwashi alipozinduka alimuuliza, "Daktari, hivi ilikuwa lazima?"

Daktari Tunu alitazama mikono yake. "Msumeno ulikuwa karibu," alisema. "Mkono wangu ulifika kabla mimi sijafika."

Tangu siku hiyo hakuugusa tena msumeno, na beseni la bati likaanza kumjua.

Lilibaki jambo moja, ridhaa ya mgonjwa. Nchi yetu ni ya sheria, haimkati mtu asiyekubali. Hapa Profesa alifanya kazi ambayo wazungu wake wasingeiweza, maana aliitafuta ridhaa katika mila zetu wenyewe. Mnajua binti anapoposwa huulizwa kama ameridhia. Anaona haya, ananyamaza. Shangazi yake anamuuliza mara ya pili, ananyamaza. Mara ya tatu, kimya. Hapo shangazi hupiga vigelegele, na watu wakajua ndoa ipo. Kama hakuna vigelegele, hakuna ndoa, hata ng'ombe wawe wamekwisha kufika.

Profesa akaajiri Shangazi wa Taifa. Jina lake Bi. Mwanamkuu, mwanamke mnene mwenye ulimi mwepesi kama bawa la nyuki. Kila asubuhi wagonjwa tuliofikiwa na zamu tulichomwa sindano ya utulivu, ambayo ilimfanya mtu alale hata kope zisicheze. Kisha Bi. Mwanamkuu hupita kitanda kwa kitanda, amevaa kanga mpya, amejitia marashi, anainama.

"Mwanangu, umeridhia kukatwa?"

Kimya.

"Shangazi yako nauliza, umeridhia?"

Kimya.

"Mara ya mwisho, kipenzi."

Kimya. Basi anainua uso na ulimi unaanza kazi, vigelegele vinajaa wodi nzima, na askari wanakuja na machela. Uamuzi wa daktari hapo haukuwa na nguvu tena, maana mgonjwa mwenyewe alikwisha kukubali. Na kama mgonjwa alinusurika leo kwa kuwa Bi. Mwanamkuu alichoka kabla ya kumfikia, kesho asubuhi aliulizwa upya.

Kabla ya uji tulisimama, wenye miguu, tukaimba shairi lililotungwa na Wizara:

*Kimya chako ni ridhaa, usisemeseme neno,*
*Daktari amekaa, amenoa msumeno,*
*Akikata utapaa, mwepesi pasi mkono,*
*Msukumo ni mwanana, asiyetaka na aje.*

Ndipo akaja Bi. Nyamizi.

Bi. Nyamizi alikuwa mfinyanzi. Vyungu vyake vinapikiwa na nusu ya mji, na matusi yake yanajulikana mji mzima. Alikuwa anakanda udongo, kigae cha zamani kikamchoma kiganjani. Alipofika kwetu mkono wa kulia ulikuwa umevimba hadi kiwiko, mwekundu, unang'aa kama biringanya. Aliuweka mbele ya Daktari Tunu mezani kama mtu anayemlaza mtoto.

"Huu ndio mume wangu," alisema. "Yule mwingine alikufa. Huu ndio unaonilisha, ndio unaosomesha wajukuu, ndio ulionizikia mama. Nimesikia mnakata. Niambie ukweli, binti yangu: utapona au hauponi?"

Daktari Tunu aliubonyeza taratibu. "Unapona, mama. Nitoe usaha, upate dawa siku kadhaa. Vidole vyako vyote vinakunjika bado. Huu si mkono wa kukatwa."

"Basi nipe hiyo dawa."

"Iko mwisho wa ukumbi."

Bi. Nyamizi alichungulia ukumbini. Hiari alikuwa amekaa, analamba kitu ambacho wakati mmoja kilikuwa kiatu cha daktari mwingine. "Yesu na Maryamu," alisema Bi. Nyamizi, ambaye alikuwa Mwislamu. "Na meno yako yamebaki mangapi, binti yangu?"

"Ya kutafunia ugali yapo."

Daktari Tunu alikwenda. Tulisikia mbwa kabla hatujamwona akirudi, na tulimsikia yeye pia, maana hakuna elimu inayomzuia mtu kupiga kelele anapotafunwa. Alirudi akitambaa kwa magoti, mkono wa kushoto umechanika toka kiwiko hadi kifundo, nyama imening'inia, na kichupa cha dawa amekibana kwapani, kizima. Sajini Koleo alikuwa anamsubiri na beseni. Daktari alirudisha zawadi mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Kisha akatema damu pembeni kwa adabu, akapasua jipu la Bi. Nyamizi, akakamua usaha, akamdunga dawa.

"Kesho watakuja kukuuliza," alimwambia. Maneno yalikuwa yanampita mdomoni kwa shida. "Hutachomwa ile sindano ya utulivu. Watakukuta macho. Usinyamaze, mama. Vyovyote iwavyo, usinyamaze."

"Mimi?" Bi. Nyamizi alicheka. "Binti yangu, mimi sijanyamaza tangu ukoloni."

Kulipokucha alikuja Waziri mwenyewe, na Profesa, na wageni wa kutoka nchi jirani waliotaka kuiga. Bi. Mwanamkuu aliinama juu ya kitanda cha Bi. Nyamizi.

"Mwanangu, umeridhia kukatwa?"

"Sikuridhia! Kakatwe wewe hilo wowowo, tupate pa kupita!"

Hakuna mgonjwa aliyewahi kujibu. Bi. Mwanamkuu alimtazama Profesa. Profesa akamtazama Waziri. Waziri akawatazama wageni, wageni wakatazama misumeno.

"Amekataa," alisema Daktari Tunu.

"Ngoja kwanza," alisema Profesa, na akafikiri kwa nguvu hadi mshipa ukamtoka kwenye paji. "Katika mila, bibi harusi anayelia, je, hakukubali? Amekubali! Analilia kuachana na wazazi. Anayecheka je? Amekubali, tena kwa furaha. Sasa anayetukana..."

"Ni haya," alimalizia Waziri. "Haya za kike. Endelea, Shangazi."

"Shangazi yako nauliza, umeridhia?"

"Mwanamkuu binti Sefu, nakujua! Uliniibia chungu cha maziwa nikakunyamazia, leo unakuja kuniibia mkono?"

"Ni haya nyingi sana," alisema Profesa, akiwageukia wageni. "Huyu ni mwanamke mwenye malezi."

"Mara ya mwisho, kipenzi," alisema Bi. Mwanamkuu, kwa sauti ndogo sasa, maana habari ya chungu ilikuwa ya kweli.

Bi. Nyamizi alimpa jibu la tatu, ambalo lilihusu mama wa Waziri na ambalo wageni waliomba watafsiriwe. Askari wakasogeza machela. Bi. Mwanamkuu akainua uso, akafungua mdomo, ulimi ukajikunja tayari. Na hapo Bi. Nyamizi, ambaye mkono wake wa kushoto umekanda udongo tangu utoto sawasawa na wa kulia, alimtandika ngumi ya mdomo.

Ilikuwa ngumi ya kitaalamu. Mdomo wa juu ulipasuka, wa chini ukavimba palepale hadi kidevuni. Bi. Mwanamkuu alijaribu. Mtu mwaminifu kwa kazi yake hujaribu. Kilichotoka kilikuwa povu la damu na mlio kama wa mpira wa baiskeli unaopungua upepo. Askari walisimama na machela, mguu mmoja mbele. Bila vigelegele hakuna ndoa. Sheria ni sheria.

Waziri alifoka, na kwa kuwa hakuweza kuivunja sheria yake mbele ya wageni, alivunja kilichokuwa karibu. Rungu la kwanza lilimpata Daktari Tunu begani, la pili mbavuni, la tatu tayani. Tulisikia taya likivunjika. Alianguka juu ya miguu ya Bi. Nyamizi, askari wakamrukia na viatu, na kwa muda kukawa na makelele ya kipigo ambayo sitayaeleza kwa kuwa Wizara inaita kitendo hicho mashauriano. Mwashi wa mguu mmoja alirusha gongo lake. Alishauriwa naye.

Siku zilizofuata Serikali ilitafuta Shangazi mwingine. Ikatangaza redioni mshahara na nyumba. Alikuja mmoja kutoka bara, akafika kitanda cha mwuza mkaa, akarudi kwao amezibwa jicho. Wa pili alipigwa na ndoo ya mkojo. Maana ile dawa ya utulivu ilikuwa inachomwa na wauguzi, na wauguzi, sijui walisukumwa na nini, walianza kuchoma maji. Askari walitupiga kila jioni, tukapoteza watu, mwashi akiwa mmoja wao, Mungu amrehemu na mguu wake. Lakini asubuhi tuliamka macho wazi, na vigelegele havikupigwa.

Na mkono wa Bi. Nyamizi ukawa unanywea. Wekundu ulishuka toka kiwiko hadi kifundo, kisha hadi kiganja. Kila alfajiri aliunyanyua akakunja kidole gumba, cha shahada, vingine vikifuata, akivitukana kimoja kimoja kwa jina.

Daktari Tunu alikuwa kitanda cha pili kutoka chake, sasa mgonjwa kama sisi. Taya lake lilikuwa limefungwa kwa kitambaa, hasemi, fahamu zinakuja na kuondoka. Lile jeraha la mbwa lilikuwa limeoza kidogo, na Wizara ikatoa uamuzi wa kawaida: mkono ukatwe. Halafu Waziri akaongeza ule mzima pia, kwa kuwa yote miwili ndiyo iliyokuwa ikichagua vibaya.

Ilihitajika ridhaa tu. Na huyu, hata bila sindano, asingejibu.

Waziri alimwita Profesa ofisini. Tulisimuliwa na mfagizi kwamba mezani palikuwa na kanga mpya imekunjwa vizuri, imewekwa mbele, na chupa ya marashi juu yake. Mlango wa kutokea ulikuwa nyuma, na mlangoni alikuwa amekaa Hiari.

"Sikulazimishi, Profesa," alisema Waziri. "Uko huru kabisa."

Profesa alivaa kanga.

Aliingia wodini akinukia kama harusi, askari wanne nyuma yake, ushungi umemkaa upande. Hakuna aliyecheka. Wodi nzima tulimtazama, wenye miguu na wasio nayo, tukanyamaza kimya. Kwa mujibu wa kanuni zake mwenyewe sote tulikuwa tumeridhia, lakini hakuonekana kufurahi.

Alifika kitanda cha Daktari Tunu, akainama.

"Mwa... mwanangu," alisema. "Umeridhia kukatwa?"

Daktari Tunu alifungua jicho moja. Taya lilisogea ndani ya kitambaa, sauti haikutoka.

"Shangazi yako nauliza."

Bi. Nyamizi alikuwa amekwisha kushuka kitandani. Askari mmoja alimpiga rungu la mgongo, akayumba, akaendelea kuja. Wa pili alimpiga, akapiga goti, akanyanyuka, na nyuma yake vitanda vikaanza kulia, mmoja baada ya mwingine, watu wakishuka. Alifika. Aliufungua ule mkono wa kulia uliokuwa bado na bendeji, akautandaza wote juu ya uso wa Profesa, kiganja juu ya mdomo na vidole vitano mashavuni, kama anavyopima unene wa chungu kibichi, akaanza kukaza. Damu ilipita kwenye bendeji. Hakuachia.

Kisha akamwinamia Daktari Tunu, karibu kabisa na sikio lake.

"Lala, mwanangu," alisema kwa sauti iliyofika hadi ukumbini kwa mbwa. "Umenyamaza kwa kuwa wamekuvunja taya, si kwa kuwa umekubali, na hilo nitalisema mimi kila asubuhi mpaka utakapolisema mwenyewe. Nakuahidi mbele ya hawa wote: maadamu vidole hivi ulivyoniachia vinakunjika, hapigi mtu vigelegele juu yako."